Tumbo Lisilo na Kadi

Kwa maneno ya Mama Limi, mambo yalikuwa hivi. Alikuwa uani kwake anapepeta karanga, saa nne ya asubuhi, akasikia mtoto wa kwa jirani yake Holo analia kilio cha kukatika: analia, ananyamaza, analia, ananyamaza, kama mtu anayebanwa na kuachiwa. Akachungulia juu ya ua wa minyaa. Akaona, kwa macho yake haya mawili ambayo hayajawahi kuvaa miwani, mkanda wa chanjo umewaka tumboni kwa mtoto, mwekundu kama chuma cha mhunzi, na tumbo linafura, linafura, mpaka kitovu kikatokeza.

"Na huyo mtoto," alisema Mama Limi, akakishusha kidole polepole kama anayeweka muhuri, "alikuwa Kulwa. Yule pacha aliyepewa matone ya chanjo. Wamemzika Kulwa, wakatuambia wamemzika Doto. Wanadhani sisi hatujui kutofautisha watoto?"

"Mama Limi, wewe juzi ulimwita beberu wangu kwa jina la mume wako," alisema mwanamke mmoja kwenye foleni ya bomba.

"Kwa sababu wanafanana ndevu! Ungekuwa unalala naye ungejua."

Wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliotoka msibani juzi. Kisha mmoja akageuka, akamwona Nyamizi amesimama mwisho wa foleni na ndoo yake, kisikizio kikiwa nyuma ya sikio kama kawaida. Kicheko kikakauka.

"Msikilizaji si huyo? Muulizeni yeye. Si ndiye aliyebonyeza?"

"Dada Nyamizi, eti ni kweli mkanda unaunguza?"

"Hauunguzi," alisema Nyamizi.

"Basi kilichomuua ni nini?"

Nyamizi alisogeza ndoo yake hatua moja. Katika yote yale ya Mama Limi, mawili tu yalikuwa kweli: kilio kilikuwa cha kukatika, na ilikuwa saa nne. Mkanda hauwaki. Ni kitambaa cha kijivu, laini kama sikio la sungura, hauna hata taa. Na aliyekufa ni Doto. Hilo yeye alilijua kuliko mtu yeyote pale Isungwa, ukimtoa mama mzazi na bibi, na ndilo alilokuwa ameitiwa zahanati saa nane kulisema au kulimeza.

*

Kazi yake ilikuwa kusikiliza matumbo ya watoto wachanga. Mgeni akiambiwa hivyo hucheka. Isungwa hawacheki, maana waliouona mwaka wa kuhara bado wapo. Msimu mmoja wa mvua kijiji kilizika watoto thelathini na mmoja, akiwemo kitinda mimba wa mama yake Nyamizi, aliyekauka kwa siku mbili kama jani la tumbaku ndani ya bani la kukaushia. Mwaka uliofuata yakaja matone, na makaburi madogo yakaacha kuongezeka.

Lakini matone yalikuja na wasiwasi wake. Mara chache sana, mtoto mmoja katika maelfu kwa maelfu, utumbo wa aliyepewa hujiingiza ndani yake wenyewe, kama mkono wa shati unavyojivuta kwa ndani ukilivua kwa haraka. Chakula hakipiti, damu haipiti, na zikipita saa za kutosha bila matibabu, mtoto huna tena. Tena hata mtoto asiyeonja tone lolote huweza kupatwa na hayohayo. Tangu zamani walikuwa wakipatwa, ila yaliitwa mchango, wakapewa mizizi, wakazikwa, na hakuna aliyehesabu.

Sasa Mpango wa Chanjo ulitaka kuhesabu. Ukaleta mikanda. Mtoto akipewa matone tu anafungwa mkanda, siku ishirini na moja. Mkanda unalisikiliza tumbo, unapeleka sauti kwenye mashine mjini, na mashine ikitilia shaka inamrudishia msikilizaji wa kijiji sauti ile sikioni. Mwanzo waliiachia mashine peke yake. Ikawa mtu akitwanga mahindi mashine inasema utumbo umefunga, na mama akimwimbia mwanawe inapiga kengele ya hatari. Ikabidi watafutwe watu.

Walitafutwa wasichana wa darasa la saba, wasiozidi hapo. Mratibu Lugendo alilisema wazi siku ya usaili: "Waliosoma sana wanasikia wanachokijua. Mimi nataka mtu atakayetulia akasikia kilichopo." Nyamizi, aliyezoea tangu utotoni kukaa kimya pembeni na kuona nani amekasirika kabla mwenyewe hajajua, alipata kazi siku hiyohiyo.

Kwenye kifundo cha mkono alivaa kioo chenye maneno mawili, Shwari na Mbio. Akibonyeza Mbio, kinakuja chombo kinachoruka chenyewe, kina kitanda kidogo ndani, kinambeba mtoto mpaka hospitali ya wilaya. Huko daktari humpuliza hewa kwa nyuma, utumbo ukanyooka, basi. Mama anafuata kwa barabara. Watu walikiita chombo kile Mwewe, kwa kuwa kinachukua kifaranga na kumwacha kuku anatazama juu. Na kila Mwewe aliyeitwa bure aliandikwa. Msikilizaji akifikisha watatu wa bure, anavuliwa kisikizio.

Nyamizi alikuwa na wawili.

*

Holo na Nyamizi walikaa dawati moja mpaka darasa la saba. Kisha Holo akaolewa, akamfuata mume kwenye kambi ya asali huko msituni, akarudi na mapacha wa miezi mitatu na mama mkwe, bibi Kashindye. Siku ya kliniki Doto alikuwa na homa kali. Nesi akasema apumzike, arudishwe mwezi ujao. Kulwa akapewa matone, akaandikiwa kadi, akafungwa mkanda.

"Na wa huyu?" aliuliza bibi Kashindye, akimpakata Doto.

"Huyu hajapata matone, bibi. Mkanda unafuata kadi."

"Mapacha hawapewi kimoja, mwanangu. Ukimpa Kulwa ukamnyima Doto, Doto ananuna. Akinuna anaondoka."

"Mbembeleze asinune," alisema nesi, akicheka, huku akiita jina la mtu mwingine. "Mwezi ujao atapata wake."

Nyamizi alikuwa amesimama palepale. Alisikia. Alimwona na bibi anavyoutazama ule mkanda, jinsi mtu anavyoitazama sahani iliyowekwa mbele ya mtoto mmoja.

Siku tatu za mwanzo alilizoea tumbo la Kulwa. Lilikuwa na haraka, kama maji yanayomiminwa kutoka kibuyuni, kisha linapumzika. Siku ya nne likaja tumbo jingine. La polepole, na mwisho wake kuna kugonga kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha. Siku ya tano likarudi la haraka. Siku ya sita la polepole. Kwa zamu, siku hii wewe, kesho mwenzako, kama watoto wanavyogawiwa mgongo wa mama.

Hakuhitaji kuambiwa. Mashine mjini iliandika tumbo moja lenye tabia mbili, ikapita. Kanuni ilimtaka Nyamizi aandike mkanda umehamishwa. Hakuandika. Kwao pia mapacha walikuwepo, shangazi zake, na hata baba yao alipouguza mguu wa mmoja alimfunga bandeji na mwenzake. Angekuwa yeye ndiye bibi, angefanya hivyohivyo. Zaidi ya yote, nyumba iliyoandikwa hivyo iliitwa nyumba iliyovunja mkanda, na mtoto wa nyumba hiyo alihamishiwa Nyumba ya Malezi mjini mpaka afikishe miaka miwili. Nyamizi akajisemea: siku kumi na tano tu zimebaki. Nani atadhurika?

Siku ya kumi na mbili ilikuwa zamu ya Doto.

Saa nne kisikizio kililia. Tumbo lilikuwa lile la polepole, lakini hodi zilikuwa za haraka sasa, za mtu aliyefungiwa ndani anayetaka kutoka. Kisha kimya. Kisha hodi. Kisha kimya kirefu. Alikuwa amefundishwa kwamba kelele za tumbo ni uhai, cha kuogopa ni kimya. Alikimbia, kanga mkononi, kutoka upande wa shule mpaka kwa kina Holo.

Holo alikuwa shambani. Bibi Kashindye alikuwa kibarazani juu ya kigoda, mtoto mapajani, mkanda kiunoni kwa mtoto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, marahaba. Mbona unahema hivyo, kuna nyoka? Huyu hapa mwenye kadi. Mtazame."

Bibi alikuwa bado anaukaza mkanda. Mkanda ulifungwa mshono ukiwa nje. Nyamizi aliviona vyote viwili. Akaufungua, akambonyeza mtoto tumbo kwa vidole viwili, pande zote nne kama alivyofundishwa. Lilikuwa laini kama donge la unga wa chapati. Akaufunga tena mkanda, sawasawa, akasikiliza. Maji kutoka kibuyuni, haraka haraka, kisha yakapumzika. Kulwa akamcheka, fizi tupu.

Ndani ya chumba kitu kikalia, chembamba, kikakatika.

"Ni nani huyo, bibi?"

"Doto. Amelia asubuhi nzima, ndiyo kwanza amesinzia. Usimwamshe, mwanangu, nitakoma mimi."

Kutoka kibarazani mpaka pazia la chumba kulikuwa na hatua nne. Nyamizi alizihesabu baadaye, akazihesabu tena, na mara zote zilikuwa nne. Alisimama akalitazama pazia. Kuuliza ni kujua, kujua ni kuandika, na kuandika ni Kulwa kupelekwa mjini. Halafu Mwewe hamtambui mtoto asiye na kadi. Angemwita, angekuja, angerudi mtupu, na angekuwa wa tatu. Hayo yote yalimpitia kichwani kwa muda wa kupepesa macho, na la mwisho, lile la kisikizio chake, ndilo lililokaa muda mrefu zaidi. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Akabonyeza Shwari.

Holo alirudi saa tisa akamkuta Doto ametapika kijani, na kwenye nepi damu iliyochanganyika na ute. Walimpakia kwenye pikipiki. Alikata roho kabla hawajafika lami, mgongoni kwa mama yake, na Holo hakujua mpaka alipomfungua.

*

Mratibu Lugendo alikuwa amekuja mapema. Alimkaribisha Nyamizi kwenye chumba cha dawa, wakiwa wawili tu, akamsogezea boksi la sindano akalie.

"Mkanda umeleta sauti ya utumbo uliofunga," alisema. "Daktari mjini amesikiliza, hana shaka. Kadi inasema Kulwa. Siku ya kumi na mbili baada ya matone. Wewe umeandika Shwari, na kesho yake nyumba hiyohiyo imezika. Unajua mashine imefanya nini?"

"Imesema matone yameua."

"Imeandaa barua ya kuyasimamisha. Vijiji arobaini. Haijaondoka, inasubiri sahihi yangu leo jioni. Ikiondoka, miezi sita ya uchunguzi." Akainua uso dirishani, akayatazama mawingu. "Na mvua hizo hapo."

"Aliyekufa ni Doto, Mratibu. Doto hakupewa tone hata moja."

"Najua. Nesi kaniambia, na mama kasema. Lakini familia ikisema inaitwa maneno ya familia, na huko bombani kuna mama anasema wamebadilisha majina. Msikilizaji akisema, unaitwa ushahidi." Akafikicha macho. Alikuwa mtu mnene mwenye uchovu wa muda mrefu. "Kwa hiyo sema. Sema ulisikia matumbo mawili, mama alihamisha mkanda. Matone yanapona."

"Na Kulwa?"

Mratibu akakishika kifuniko cha kalamu yake, akakivua, akakirudisha.

"Kanuni sikuitunga mimi."

"Mama amezika mmoja Jumatano. Mnamchukua wa pili Jumatatu?"

"Nyamizi. Ukinyamaza, hesabu wewe ni wangapi watazikwa mpaka mvua ziishe. Wewe ulimwona mdogo wako."

Nyamizi akauliza jambo alilokuwa nalo tangu msibani: "Doto ataandikwa wapi?"

"Vipi?"

"Kwenye hesabu yenu. Kufa kwake."

"Doto hana kadi," alisema Mratibu, si kwa ubaya. "Asiye na kadi hatumwandiki. Tungemwandika wapi?"

Nyamizi aliitazama mikono yake. Njia zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na mtoto amelala katikati. Akatafuta ya tatu, polepole, kama alivyozoea kutafuta sauti ndogo chini ya kelele.

"Msikilizaji akitoa ruhusa ya mkanda kuhamishwa," alisema, "nyumba inakuwa imevunja?"

Kalamu ikasimama.

"Hapana. Kosa linakuwa la msikilizaji."

"Anafanywa nini?"

"Anavuliwa kisikizio. Na kwa kuwa kuna kifo, anapelekwa kujieleza mahakamani." Akamtazama kwa muda. "Ulitoa ruhusa?"

"Hilo utaniuliza mbele ya watu."

"Mama naye lazima akubali. Kosa la ruhusa lina watu wawili, aliyetoa na aliyepokea. Akikana, nabaki na yale ya mwanzo."

"Atakubali," alisema Nyamizi.

*

Walikaa kwenye benchi za kliniki, zilezile mama wanazosubiria mizani. Mratibu aliweka kioo cha kurekodia mezani. Bibi Kashindye alijifunika kanga mpaka machoni. Mama Limi na wenzake walijaa dirishani, wakaambiwa wasogee, wakasogea kwa inchi moja.

Holo aliingia wa mwisho, Kulwa mkononi. Alipompita Nyamizi mlangoni hakumwangalia. Nyamizi alimshika ncha ya kanga.

"Nitakusaidia, Holo. Nitalibeba mimi. Wewe nifuate tu nitakaposema."

"Unisaidie?" alisema Holo kwa sauti ya chini. "Mimi sikuhitaji msaada leo. Nilikuhitaji Jumanne, saa nne." Akaivuta kanga yake, akaenda kukaa.

Nyamizi alipoulizwa alisimama. Alisema yote sawasawa, bila kutetemeka, kama anayesoma ubaoni: kwamba tangu siku ya nne alisikia matumbo mawili; kwamba siku ya kumi na mbili mkanda ulikuwa kwa Doto, asiyepewa matone, na sauti ile ilikuwa ya tumbo la Doto. Dirishani wakaguna. Kisha akafika pale kwenye uongo, akaupita bila kujikwaa.

"Na mkanda haukuhamishwa kwa siri. Bibi aliniomba kwa sababu ya desturi ya mapacha, mimi nikaruhusu. Nilimwambia mama, mpeni kila mmoja siku yake, hakuna neno. Kosa ni langu."

Bibi Kashindye akafunua uso, mdomo wazi. Alitaka kusema, akamtazama mkwewe, akaufunga.

"Alimwomba lini?" Mama Limi alinong'ona nje. "Mbona mimi sikusikia?"

"Wewe ulikuwa unaona mkanda unawaka," akajibiwa.

"Kimya huko!" Mratibu akakisogeza kioo upande wa Holo. "Pole sana, mama Kulwa. Swali langu ni moja. Msikilizaji alikupa ruhusa?"

Kulwa alikuwa ananyonya ziwa la kulia. La kushoto lilikuwa limevuja, gauni limelowa mpaka kiunoni, na Holo hakuwa amejifuta.

"Alikuja," alisema Holo. "Alifika mpaka kibarazani."

"Siulizi kama alikuja, mama. Nauliza kama aliruhusu."

"Alisikia mwanangu analia ndani. Mkwe wangu kaniambia. Kuna pazia pale. La maua." Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Hilo umeliandika?"

Mratibu alitazama karatasi yake. Palikuwa na nafasi ya ruhusa na nafasi ya kuvunja. Nafasi ya pazia haikuwepo.

"Mama, ukisema ndiyo, mtoto unabaki naye, tunakwenda nyumbani. Sote."

Holo alimgeukia Nyamizi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Alimtazama kwa utulivu wa mtu anayekagua kitu kilichorudishwa baada ya kuazimwa.

"Ulinipa ruhusa," alisema. Haikuwa kukubali, haikuwa kukana. Alikuwa anayaonja maneno. "Kumbe ulikuwa mwema kwetu. Kumbe kosa lako ni huruma."

"Holo."

"Ndivyo itakavyosomwa. Nyamizi aliwahurumia mapacha. Basi."

Mwanamke mmoja dirishani akaanza kulia. Nyamizi aliona Mratibu ameshika kalamu juu ya karatasi, haigusi. Aliona mkono wa bibi unautafuta mkono wa mkwewe, hauupati. Akatoka kwenye nafasi yake, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mbele ya yule aliyekaa naye dawati moja.

"Nakuomba," alisema. "Baada ya hapa nitawaambia wote kuhusu pazia, popote utakapotaka, mbele ya yeyote. Leo sema ndiyo. Neno moja tu, Holo. Kwa ajili ya huyo uliyempakata."

Holo alimtoa Kulwa ziwa la kulia. Akamhamishia la kushoto, lililokuwa la Doto, akasubiri mpaka alishike, akamfunika kichwa kwa kanga.

Kioo mezani kikaendelea kusikiliza, kikingoja neno lake.